Hofu ya Paka

Mwanadamu amezoea kuwapa wanyama wake dawa za mwili bila ya kujiuliza swali. Mbuzi mwenye minyoo hunyweshwa dawa, ng'ombe huogeshwa ili kupe wamtoke, na kuku huchanjwa kabla kideri hakijaingia bandani. Hapana mwenye akili timamu atakayedai kuwa mbuzi kadhulumiwa kwa kutolewa minyoo. Lakini dawa ikiacha tumbo ikaingia moyoni, yaani ikitolewa si kwa kuua mdudu bali kwa kupunguza hofu au ghadhabu ya mnyama, jambo hubadilika sura. Je, ni halali mtu kuigeuza tabia ya kiumbe asiyeweza kusema naam wala la? Na akisha kuigeuza, atajuaje kama amemtibu mnyama au amejitibu mwenyewe?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lililetwa nyumbani kwangu na paka.

Alizaliwa Msambweni, katika ua wenye mwembe na minazi, nyuma ya nyumba ya makuti ya mama yangu. Mchana alilala juu ya pakacha kuukuu. Usiku alikuwa na mambo yake. Alitupiwa vichwa vya samaki, lakini sehemu kubwa ya riziki yake aliitafuta mwenyewe kwa panya wa darini, mijusi wa ukutani na panzi wa majanini. Kwa muda wa miaka 3 hakumkwaruza mtu. Tulipohamia Diani, katika nyumba ya ghorofa iliyopakana na msitu, mwanangu alilia mpaka tukamchukua. Mbele ya nyumba ile ilipita barabara ya magari yaendayo mbio, na usiku mbwa wa walinzi walifunguliwa. Basi tuliona kuwa ni huruma kumfungia ndani. Mlango ulifungwa, madirisha yalitiwa wavu, akanunuliwa chakula cha mkebe na beseni la mchanga. Tulidhani tumempandisha cheo.

Mwezi wa kwanza aliishi chini ya kitanda. Mwezi wa pili alianza kukojoa juu ya mashuka, na kila kishindo cha mlango kilimrusha hewani. Sasa kima wa msitu wa Diani, kama ajuavyo kila aliyekaa huko, hawana haya. Hushuka mitini wakaja mpaka barazani kutafuta ndizi na mkate. Alasiri moja kima dume aliketi juu ya ukingo wa roshani, akamtazama paka kwa kioo cha dirisha. Paka alifutuka manyoya, akalia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mnyama mdogo. Mwanangu, mtoto wa miaka 6, akapita kati yao akielekea jikoni. Paka hakuweza kumfikia kima. Alimfikia mtoto. Alimwuma mguu, akamng'ang'ania kwa makucha yote, akaachia alipotaka mwenyewe.

Jeraha tulilisafisha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha mtoto akapelekwa hospitali kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule hauenezwi na mbwa pekee, na dalili zake zikisha kuonekana ni nadra sana mtu kupona. Kila aumwaye na mnyama na afanye hivyo kabla ya kufikiri jambo jingine lolote, falsafa ikiwamo.

Jioni ile wazee wa ujirani walikuja kutupa pole, na pamoja na pole wakatupa shauri. Mmoja wao, mvuvi wa zamani, aliniambia, "Mwanangu, mnyama aliyeonja damu ya mtu hana dawa. Mtie guniani, kamwachie kwenye miwa ya Ramisi. Panya huko tele." Sikumcheka, wala sikumwona mkatili. Alikuwa akisema neno ambalo watu wengi wa pwani wangalilisema, nalo lina huruma kidogo ndani yake, kwa kuwa hakutaja sumu wala rungu. Ndugu yangu mwenyewe alizitaja zote mbili.

Wanaomtupa paka husema wamemwacha huru. Naona neno uhuru hapa limevishwa kanzu ya mtu mwingine. Paka ni mnyama wa mahali. Hujua njia zake, mahali pa kunywa, ukuta wa kurukia mbwa anapokuja. Atupwapo asipopajua, kila pembe ina paka shume wa kuitetea, na yeye hana hata tundu la kujificha. Anayefungua gunia na kuondoka mbio hamwoni akifa. Hiyo tu ndiyo faida yake juu ya rungu.

Katika dini ya wengi wa watu wa Kwale imo habari ijulikanayo sana, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume alisimulia juu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Habari hii niliisikia tangu chuoni, nikiwa mdogo, na kila mara niliyoisikia nilijiona sihusiki, kwa maana kwetu paka walikula. Baada ya mwanangu kuumwa niliifikiri upya. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa njaa peke yake. Ilitajwa milango 2, wa chakula na wa kutoka, naye aliifunga yote. Mimi nilifungua mmoja kwa mkebe wa samaki nikaufunga mwingine kwa wavu, nikajiita mwenye huruma. Sisemi kuwa dhambi yake na yangu ni moja, wala mimi si mwanachuoni wa kutoa fatwa. Nasema tu kuwa sikuweza tena kuitazama habari ile kama mtu aliye nje yake.

Tulimpeleka paka kwa daktari wa wanyama Mombasa. Saa chache kabla ya safari alipewa kidonge cha gabapentini alichoagizwa na daktari, na kwa sababu hiyo alivuka kivuko cha Likoni kikapuni, amelegea, katikati ya honi na umati wa watu. Dawa ya namna hii ni ya saa chache. Huko Marekani, mwaka 2023, iliidhinishwa dawa nyingine ya jamaa moja nayo, iitwayo pregabalini, kwa ajili ya paka wanaoogopa safari na matibabu. Sidhani kuwa dawa ya saa chache ina mashaka makubwa. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba Hills mpaka Tsavo Mashariki, na hapana ndovu anayepakiwa katika lori akiwa macho. Waliopinga uhamisho ule walibishana juu ya safari, si juu ya usingizi.

Jambo la kwanza alilolifanya daktari halikuwa kuandika dawa ya hofu. Alimkagua meno, akampapasa tumbo na viungo, akapima damu na mkojo. Alitueleza kuwa paka ni hodari wa kuficha maumivu, na kwamba paka wengi waitwao wakali wana jino bovu, au kibofu kinachowachoma, au viungo vinavyouma. Mtu ampaye dawa ya kutuliza paka wa namna hiyo humziba mdomo mgonjwa anayelia. Wetu hakuonekana na ugonjwa wa mwili. Akashauri ahasiwe, maana madume yaliyohasiwa hupigana kidogo, hutangatanga kidogo, na aghalabu huacha kunyunyiza mkojo. Tulikubali mara moja. Baadaye niliona ajabu: kisu kilichomwondolea kabisa hamu moja ya maumbile yake hakikunikosesha usingizi, lakini kidonge kilinikosesha. Huenda sisi wanadamu huogopa kugusa ubongo kwa kuwa ndimo tunamodhani kuwa sisi tumo.

Kisha alitueleza habari ya kima. Mnyama akiwashwa ghadhabu na adui asiyeweza kumfikia, ghadhabu ile haifi. Humwangukia aliye karibu, na yaweza kukaa saa nyingi kabla ya kupoa. Mtoto hakuwa na kosa, na paka, kwa namna yake, hakuwa na chuki na mtoto. Hapo ndipo alipoitaja fluoksetini. Ni dawa ya watu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya huzuni iliyopita kiasi. Mwaka 2007 ikaidhinishwa huko kwa mbwa wanaoteseka wanapoachwa peke yao. Kwa paka madaktari huitumia kwa elimu yao wenyewe, kwa kipimo kidogo sana. Katika ubongo hufanya kazi juu ya serotonini, kitu ambacho paka anacho kama sisi tulivyo nacho. Haifanyi kazi siku moja: yataka majuma 4 mpaka 6, hupunguza hamu ya kula hapo mwanzo, wala haifai kukatwa ghafula. Akatuonya kwa ukali kuwa tusijaribu kamwe kumpa paka kidonge kingine cha kibinadamu kwa akili zetu. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kinachoondoa kichwa kwa mtu, chaweza kumwua paka, kwa maana ini lake halina njia ya kuivunja sumu yake kama letu.

Nilirudi nyumbani na dawa mfukoni, na siku 4 sikuitoa.

Pingamizi la kwanza nililojiwekea lilikuwa hili: ukali ni maumbile ya paka, na anayeuondoa kwa dawa huondoa paka akabaki na mto wenye manyoya. Mababu wa mnyama huyu ni paka wa mwitu wa Afrika ya Kaskazini na nchi za Mashariki ya Kati. Katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la miaka yapata 9,500 ambamo mtu na paka wamelazwa karibu karibu. Hakufungwa nira kama ng'ombe. Alikuja mwenyewe kwenye ghala kwa ajili ya panya, na makucha yake ndiyo yaliyokuwa ujira wetu. Ni haki gani basi kumtaka mnyama kwa sababu ya makucha, kisha kumpa dawa kwa sababu ya makucha yale yale?

Pingamizi hili lina nguvu, lakini limechanganya mambo 2. Hofu ni mlinzi. Paka asiyeogopa mbwa hana maisha marefu. Lakini mlinzi apigaye baragumu usiku na mchana, adui yupo au hayupo, halindi tena nyumba; anaitesa. Paka wangu alikuwa halali usingizi wa kutosha, hachezi, hajilambi mgongo, hali isipokuwa usiku watu wakisha lala. Kuyaita haya maumbile yake ni kumsingizia Muumba wake.

Wako waliodhani kuwa mnyama hana mateso ya kumhurumia. Mfaransa Descartes, katika karne ya 17, alimfananisha mnyama na mtambo. Mwingereza Jeremy Bentham, mwaka 1789, alijibu kuwa swali si kama wanyama wana akili au usemi, bali kama wanaweza kuteseka. Na karne nyingi kabla yao wote, katika karne ya 10, wanachuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa walitunga hadithi ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, kila mmoja akisema kwa kinywa chake yaliyompata. Mwaka 2012 kundi la wataalamu wa ubongo lilikutana Cambridge na kutangaza kuwa wanyama wanyonyeshao na ndege wanazo zana za ubongo za kufahamu yanayowapata. Na dawa yenyewe ni shahidi. Lau hofu ya paka ingekuwa kitu tofauti kabisa na hofu yetu, fluoksetini ingempitia kama maji.

Lakini historia hiyo hiyo ya dawa za moyo yanipa wasiwasi mwingine. Mwaka 1952, katika hospitali moja ya Paris, wagonjwa wa akili walianza kupewa klopromazini. Waliokuwa wakipiga mayowe walinyamaza, na wengi walirudi makwao ambao vinginevyo wangalifia humo. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo katika hospitali nyingi duniani dawa za namna ile zilitolewa pia kwa ajili ya kimya cha wodi, si kwa ajili ya raha ya mgonjwa, na kwa jicho la mpitaji hali hizo mbili hufanana: mtu amekaa kitini, ametulia. Mgonjwa binadamu huenda siku moja akapona akasema, "Mlinionea." Mtoto tunayemnywesha dawa kwa nguvu atakua, atatuuliza. Paka hatauliza kamwe. Kwa hiyo anayemsimamia lazima atafute shahidi mahali pengine.

Siku ya 5 tulianza. Siku hiyo hiyo tulianza kuibadili nyumba, maana daktari alisema dawa bila ya hayo ni kupoteza fedha. Kioo cha chini cha dirisha kilifunikwa karatasi ili kima wasionekane. Mabao yaligongomewa ukutani, juu kabisa, apate kupanda na kututazama kwa chini kama apendavyo. Chakula kiliacha kuwekwa sahanini kikafichwa huku na huku, akitafute. Mwanangu alifundishwa kutomshika asipojileta. Hapa sina budi kusifu jambo moja la Diani. Mbega wa msitu ule waliuawa na magari wakivuka barabara, na shirika la kuwahifadhi, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja kama ngazi zilizolazwa hewani juu ya barabara, wapite huko. Hapana aliyesema kuwa mbega wapewe dawa ya kusahau ng'ambo ya pili. Nilipita chini ya madaraja yale kila siku, na nililazimika kuumwa mwanangu ndipo niyaone.

Katika juma la 3 paka alitulia. Hakukojoa mashukani, hakuruka mlango ulipogonga, na mke wangu alisema nyumba imerudi. Kisha jioni moja mjusi aliingia, akapita sakafuni mbele ya pua ya paka, taratibu, kama mjusi aliyealikwa. Paka alimtazama akafumba macho. Jambo lile lilinitisha kuliko jeraha la mguu. Nilimpigia daktari simu, naye akapunguza kipimo. Kwa majuma mengine 2 tuliishi kwa mashaka: mkojo ulirudi mara moja, naye alitufokea mara mbili, lakini hakuuma. Mnamo juma la 7 nilisikia kishindo jikoni usiku. Nilimkuta juu ya meza, mkia wa mjusi mdomoni, sufuria imepinduka. Niliokota sufuria kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Mjusi ndiye shahidi niliyemtafuta. Naamini kuwa dawa ya hofu ni halali kwa mnyama inapomrudishia kazi zake: kuwinda, kucheza, kulala, kupanda, hata kutuudhi kwa namna zake za kawaida. Ikimwondolea hizo akabaki ametulia tu, hapo aliyetibiwa ni mwenye nyumba.

Limebaki pingamizi la pili, nalo halikunitoka. Katika mkoa wetu wako watu waendao mbali kwa miguu kutafuta dawa na wasiipate. Mtu kuvuka bahari kwa ajili ya hofu ya paka, je, si kufuru ya mali? Aliniuliza hivyo mvuvi yule, kwa upole, na nilimjibu kuwa hakuna aliyenilazimisha kumchukua paka. Nilimtoa mwenyewe alikokuwa salama, na aliyevunja sharti alipe. Aliitikia kwa kichwa. Lakini jibu langu lahusu deni langu kwa paka, wala haligusi deni langu kwa jirani. Na mtu mwenye madeni 2 hasemi amelipa kwa kulipa moja.

Pigo la mwisho lilitoka kwa mama yangu. Alipokuja kututembelea, nilimsimulia habari yote, tangu kima mpaka mjusi. Alisikiliza akichambua mchicha. Kisha akauliza, "Mbona hamkunirudishia?"

Nilisema mtoto anampenda.

"Na yeye?" akasema, akimwelekezea paka kisu cha mboga.

Daktari ameanza kupunguza dawa kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Paka wengi wa mjini hawana Msambweni ya kurudishwa, na kwao kidonge pamoja na nyumba iliyotengenezwa vyema huenda ndiyo haki yote iwezekanayo. Wetu anayo. Likizo ijayo kikapu kitakwenda huko pamoja nasi, na mwanangu amekwisha ambiwa kuwa huenda kikarudi kitupu.